Kiko Kuukuu cha Soo Mbili: Venye Unakisafisha Bila Kukimaliza

Kwa wauza vitu kuukuu wa Thika na Ruiru kuna kitu wasee wengi wanapita bila kucheki mara mbili. Imelala kwa gunia kati ya funguo za kutu, redio iliyokufa, saa bila mishale na vijiko vya enzi za kina guka. Ni kiko. Ile ya kuvutia tumbako, yenye kichwa kama kikombe kidogo na mrija umejipinda. Imejaa masizi, inanuka kama jiko la kuni, na mdomo umekuwa rangi ya matope. Ukimuuliza muuzaji bei, anaangalia viatu vyako kwanza, halafu anasema soo tano. Jifanye unaenda, inashuka soo mbili.

Kabla hujaniruka, hii stori si ya kukufunza kuvuta. Tumbako inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na ile story ya mtaa ati kiko ni salama kwa sababu moshi hauuvuti hadi kwa mapafu ni uongo. Saratani ya mdomo, ulimi na koo haingoji moshi ufike kifuani. Hapa tunabonga kuhusu kazi ya mkono: kutoa kitu imekufa kwa gunia na kuirudishia sura, uiweke kwa keja ama uuzie msee anayekusanya. Kuna watu Ulaya na Marekani wananunua viko kuukuu venye wewe unanunua sneakers. Shida ni kwamba anayeanza hii mishe huwa anakimaliza kiko kwa kukisafisha sana. Kwa viko, doh inakaa kwa kile hukutoa.

Mbona hivi vitu vinapatikana huku kwetu? Cheki historia kidogo. Hoteli ya Blue Posts pale Chania ilianza 1908. Familia ya Elspeth Huxley, yule mwandishi wa The Flame Trees of Thika, ilikuja kuanzisha shamba la kahawa karibu na hapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ruiru kulikuwa kahawa kila upande, Thika kahawa na mkonge. Wazungu wa hayo mashamba walivuta kiko kama venye saa hii watu wanashika simu. Uhuru ulipofika 1963, wengi waliuza na kuondoka, na vitu vya nyumba vikabaki kwa wapishi, makarani na manyapara. Wazee wetu wengi wa huku walikuwa watu wa ugoro zaidi kuliko kiko, kwa hivyo ukipata kiko kwa sanduku la guka, uliza kilitoka wapi. Kunaweza kuwa na stori ndefu hapo kuliko kiko chenyewe.

Na Kiswahili kinatuchezea kidogo: kiko kiko wapi? Kiko kwa gunia. Tuendelee.

Ukikishika, usiangalie uchafu. Uchafu hutoka. Angalia vitu ambavyo havirudi. Washa tochi ya simu uangalie ndani ya kichwa: kama ukuta umepasuka kama tope lililokauka, ama kwa nje kuna doa jeusi limezama mahali pamoja, huyo moto ulikuwa unatafuta njia ya kutoka. Achana nacho. Angalia shingo, pale mrija unaingia, kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Puliza kwa mdomo wa mrija bila kuugusa na midomo yako (hujui kilikuwa kwa nani) usikie kama hewa inapita. Kisha geuza pembeni ya shingo utafute maandishi yaliyogongwa kwa mbao. Huo ndio muhuri. Dunhill, Peterson, GBD, Comoy's, ama tu "London Made". Dunhill huwa na kidoti cheupe juu ya mrija, lakini kidoti hata fundi wa mtaa anaweza kuweka, kwa hivyo amini muhuri kuliko kidoti.

Muhuri ndio kitambulisho cha kiko. Ukipitisha msasa hapo hata mara tatu, umeshachoma ID. Mtu wa kununua hawezi tena kujua kilitengenezwa wapi wala lini, na kuanzia hapo uko na kipande cha mbao chenye tundu. Kabla ya kufanya kazi yoyote, bandika kipande cha seloteepu juu ya muhuri ukiache hapo hadi mwisho. Hiyo ni sheria yangu ya kwanza na sitajadiliana.

Kuna muhuri mmoja nataka uukariri. Ukiona neno KIKO lenyewe limegongwa, ama picha ya ndovu, tulia. Hicho hakikutoka Uingereza, kilitoka hapo tu Arusha. Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation iliyotengeneza viko ikitumia mirshamu ya bonde la Amboseli, upande wa Sinya pale mpakani. Mirshamu ni madini meupe, mepesi, yenye vitundu vidogo sana vinavyofyonza unyevu na mafuta ya tumbako. Wanasayansi wanayaita sepiolaiti. Dunia nzima inajua mirshamu ya Eskişehir kule Uturuki, lakini ya Amboseli ilitumika hadi Laxey, kisiwa cha Man kati ya Uingereza na Ireland. Viko vya Arusha vingine vilifunikwa ngozi kwa nje, vingine vilikuwa mbao nje na mirshamu ndani. Wakusanyaji wa ng'ambo wanavijua na jina la Kiswahili wanalitamka hivyohivyo. Na kuna ujanja wa kukadiria umri: kikiandikwa Tanganyika, kuna uwezekano mkubwa ni cha kabla ya muungano na Zanzibar wa Aprili 1964, kwa sababu jina Tanzania lilikuja mwaka huohuo. Kikiandikwa Tanzania, ni cha baadaye.

Mbona nakusumbua na hii? Kwa sababu mirshamu na mbao hazisafishwi njia moja. Mbao ya viko vingi ni braya, fundo linalomea chini ya shina la mti unaoitwa Erica arborea. Mafundo hutoka nchi za kando ya Mediterania, yanachemshwa na kukaushwa muda mrefu ndio yachongwe. Mbao hiyo haishiki moto kwa urahisi. Huo mti hata unamea Aberdare na Mlima Kenya, ukipanda umeupita. (Usianze kuchimba mizizi, hizo ni mbuga za taifa na KWS hawana mchezo.) Braya inavumilia kukwanguliwa na spiriti. Mirshamu haivumilii. Ikilowa inakuwa laini, kucha tu inaiacha alama. Ukiona duara jeupe ama la kahawia kwa ukingo wa kichwa, tofauti na mbao ya nje, hapo ndani ni mirshamu. Futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha karatasi laini ndani, wacha ikauke. Basi. Hata rangi ya kahawia iliyoingia kwa miaka usiitoe, hiyo ndiyo wenyewe wanapenda.

Sasa tuseme uko na braya. Kwanza tenganisha mrija na kichwa. Hapa ndio viko vingi huvunjika, kwa sababu mafuta ya tumbako yamekauka yakawa gundi. Ukigoma na kuzungusha kwa nguvu, shingo inapasuka na story inaishia hapo. Weka kwa mfuko wa plastiki, funga, tupa kwa frija, upande wa barafu, kama nusu saa. Mrija hujikunja kidogo ukishika baridi kuliko mbao. Toa, shika karibu na kiungo, zungusha polepole ukivuta. Imekataa? Rudisha. Kama huna frija, tonesha spiriti kidogo kwa kiungo, ngoja. Haraka ya nini, kimengoja miaka hamsini.

Ndani ya kichwa utapata masizi magumu, tabaka juu ya tabaka. Haya si uchafu wote. Tabaka jembamba la kaboni hukinga mbao isiungue, kwa hivyo hutoi yote. Acha kama unene wa sarafu ya shilingi, sawa pande zote. Yakiwa mazito sana, yakipata moto hutanuka na kupasua kichwa, ndio maana unayapunguza. Wasee hukimbilia kisu cha jikoni chenye ncha, wanatoboa chini kwa shimo la hewa, wanaharibu. Tumia kitu butu: msasa wa namba 150 ama 180 uliouzungushia kalamu nene ya maka, unazungusha taratibu kama unanoa penseli. Fanya hiyo kazi nje, vaa maski. Hilo vumbi ni nikotini na lami ya miaka, si unga wa ngano.

Halafu spiriti, na hapa tafadhali soma mara mbili. Kinachoyeyusha lami ya tumbako vizuri ni alkoholi. Lakini si kila spiriti. Ile ya rangi ya kuwashia jiko la stovu huwa na methanoli, na hii ni kitu itakaa karibu na mdomo wa mtu. Kiambu tunajua methanoli ni nini. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa ndani ya siku chache, Embu, huku kwetu na kaunti zingine, kwa pombe iliyochanganywa nayo, na wengine wakabaki vipofu. Spiriti ya vidonda nayo mara nyingi imewekwa mafuta na dawa zenye harufu ambazo zitaingia kwa mbao na hazitoki. Sanitaiza ya jeli, hapana, ina glisirini. Njia rahisi ni kinywaji kikali cheupe cha asilimia 40, kisicho na sukari wala flava, kutoka duka linaloeleweka, chenye stempu ya KRA. Robo inatosha viko kadhaa. Kama kwenu pombe haiingii nyumbani, uliza duka la dawa ethano safi na umwambie mhudumu ni ya nini.

Shingo na mrija zina njia ya hewa nyembamba, na hapo ndio uvundo wote unaishi. Ng'ambo wanatumia vijiti maalum vya waya vilivyofunikwa pamba. Hapa kwetu? Ingia duka la vitabu Thika, uliza zile waya za manyoya watoto wanatumia kwa kazi za mikono za CBC. Wazazi wamezinunua hadi wakachoka. Manyoya yake ni plastiki, hayafyonzi kama pamba, lakini kwa kusugua ziko fiti. Chovya, sugua, futa, rudia. Ya kwanza itatoka nyeusi kama oili ya mathree. Ya kumi itatoka kahawia. Ukifika ya ishirini na bado ni chafu usishangae. Unaacha ikitoka na rangi ya chai nyepesi.

Kama kichwa bado kinanuka, jaza pamba ndani, tonesha spiriti hadi pamba ilowe, si hadi imwagike nje, kisha kiache kimesimama usiku mzima. Asubuhi pamba imekuwa ya kahawia. Wengi mtandaoni watakwambia utumie chumvi. Inafanya kazi, lakini chumvi ikiingia kwa mbao na ikashika unyevu inaweza kuipasua, na pamba ni bei ya chini. Mimi niko timu pamba. Na usifanye hii karibu na jiko ama mshumaa, mvuke wa spiriti hushika moto bila kukupigia simu. Nje ya kichwa pia spiriti isimwagike, inaondoa rangi na vanishi mara moja.

Mrija. Ukiwa umebadilika kijani ama kahawia na unanuka kiberiti ukiusugua, huo ni vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa. Jua ndilo linauharibu. Ukiwa unang'aa tu licha ya uzee, ni akriliki, osha na maji ya sabuni uache. Vulkanaiti unaitoa ukijani na msasa wa maji: anza 600, nenda 1000, maliza 2000, kila mara ukilowesha. Halafu dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa, sugua hadi mkono uchoke. Mwisho tone la mafuta ya zeituni, futa. Jik usiguse. Inatafuna uso wa vulkanaiti ukae kama ngozi ya nanasi, na ikikutana na spiriti inatoa mvuke wa sumu. Alama ndogo ya kampuni kwa mrija, zunguka, usipite juu. Mashimo ya meno kwa mdomo? Chovya ncha kwa maji moto sana dakika moja mbili, vulkanaiti hukumbuka umbo lake, na mengine yatajaa yenyewe bila msasa.

Ukingo wa juu wa kichwa, wenye umeungua mweusi, una dawa ya bure: mate. Sitanii. Pamba, mate, sugua kidogo kidogo. Lami nyingi inatoka na mbao haiumii. Kilichobaki ni mbao iliyoungua yenyewe, na hapo unaamua. Ukipiga msasa hadi iwe sawa, umefupisha kichwa na umebadilisha umbo lake. Mimi huona ukingo ulioungua kidogo uko sawa kuliko kiko kilichokatwa.

Kung'arisha ni haraka. Wenye mashine hutumia nta ya kanauba kutoka Brazili. Wewe tumia nta ya nyuki kidogo kama punje ya mchele, pasha na vidole, paka, futa na kitambaa cha pamba. Haitang'aa kama ya dukani, na kwa kiko kuukuu hiyo si hasara. Usimpelekee fundi wa viatu apige Kiwi. Itang'aa vizuri sana siku mbili, halafu kila mtu atakayekishika ataondoka na vidole vya kahawia.

Kama ulipata cha chuma, mrija wa alumini na kichwa kinachofunguka kwa kuzungusha, hicho huenda ni Falcon. Ndio rahisi zaidi kwa anayeanza, unakifungua, unasugua, unarudisha.

Kitu kimoja kinaweza kukupeleka korti. Viko vingine vya zamani vina pete ama mdomo wa pembe za ndovu. Nyeupe, nzito kidogo, na ukiiangalia kwa karibu mwisho wake ina mistari inayokatana kama wavu. Usinunue, usiuze, usipige picha ukaweka mtandaoni ukitafuta mteja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama ni kipande cha sentimita moja, wala kwamba guka wa mtu alikiacha. Hii ni nchi iliyochoma tani 105 za pembe Aprili 2016. Ukiwa na shaka, rudisha kwa gunia ama uliza ofisi ya KWS kabla hujafanya kitu.

Ukiuza, usiseme "kipya". Sema ukweli wote: ufa mdogo, ukingo umeungua, mrija una alama. Wanunuzi wa hivi vitu wana macho kama ya polisi wa trafiki wa Thika Road. Picha ya muhuri ipige kando ya dirisha, mwanga ukija kwa ubavu, ndio maandishi yaonekane. Na kabla hujakipakia, kiache kikauke siku nne tano, kichwa mbali na mrija. Ukiunganisha mapema, mbao bado imevimba na shingo inapasuka ukiwa umeshamaliza kila kitu.

Lakini kama kiko ni cha guka wako, kazi ni nyingine kabisa. Safisha njia ya hewa, toa ukijani kwa mrija, na uishie hapo. Zile alama za meno kwa mdomo ni zake. Usizipashe maji moto. Na kabla hujajaza pamba na spiriti kutoa harufu, muulize shosho kwanza kama anataka itoke.